Kisu Kabla ya Moto: Nyama na Viazi vya Jioni katika Kikaango Kimoja

Watu wengi wanaofika nyumbani saa kumi na mbili jioni hawapiki nyama siku hiyo. Mwalimu aliyesahihisha madaftari mpaka jua likazama, muuguzi aliyetoka zamu, mkulima aliyeshinda kwenye majaruba ya mpunga, wote huiahirisha mpaka Jumapili, kwa sababu nyama ya ng'ombe imezoeleka kuwa kazi ya saa mbili: ichemke, ilainike, ikauke, iungwe, na viazi vikitakiwa vipate sufuria yao pembeni. Ninachotetea hapa ni kwamba nusu kilo ya nyama na viazi vya kutosha watu wanne vinaweza kuwa mezani ndani ya dakika 40, kuanzia kumenya mpaka kupakua, kwa jiko moja na kikaango kimoja. Haraka hiyo haitokani na moto mkali, kama wengi wanavyodhani wanapochochea mkaa. Inatokana na unene wa vipande, ukavu wa nyama na utaratibu wa kujua kipi kitangulie. Mambo yote matatu humalizika kabla kikaango hakijapata moto, na yote matatu hayagharimu shilingi.

Hoja hii ina uzito wa pekee kwa mkoa wa Rukwa. Uwanda wa juu wa Ufipa hutoa mahindi, maharage, ulezi, ngano, alizeti na viazi mviringo. Ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, Mtowisa na Milepa unakuta mpunga, samaki wa Ziwa Rukwa na makundi ya ng'ombe. Ni nadra kukuta nchi iliyojaliwa namna hii. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na ule wa 2022 ulikuta hali imepungua kidogo tu, karibu nusu. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maji, maradhi na afya ya mama, na hakuna kikaango kitakachozimaliza. Lakini sababu mojawapo ni mlo usiobadilika, na mlo haubadiliki pale anayepika anapokosa muda. Nyama kidogo inayopikika jioni ya kazi, mara mbili kwa wiki, inamfaa mtoto kuliko sinia la Jumapili linalofuatwa na siku sita za ugali na mboga ileile.

Tuanze na unene, maana ndio unaoamua karibu kila kitu. Joto huingia kwenye chakula kutoka nje kwenda katikati, tena polepole. Ukipunguza unene wa kipande kwa nusu, muda wa joto kufika katikati haupungui kwa nusu, hupungua hadi karibu robo. Kama kipande cha sentimita mbili kinahitaji dakika 20, cha sentimita moja kitahitaji kama dakika tano, na cha nusu sentimita kitahitaji muda mfupi zaidi. Ndiyo maana kiazi kizima hukusubirisha, na vipande vyembamba vya kiazi hichohicho huiva ukiwa bado unakata kitunguu. Kwa wakazi wa uwandani kuna sababu ya ziada. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 94, siyo 100. Milepa, iliyo chini bondeni, maji huchemka karibu na nyuzi 97. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa kiazi kizima au maharage yaliyomo sufuriani ni dakika nyingi za mkaa. Kuchochea moto hakusaidii, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto zaidi, yanaisha tu. Mafuta hayana kikomo hicho, na kisu hakijali mwinuko wa mlima.

Kwa hiyo menya viazi na uvikate vipande vya mviringo vyenye unene wa nusu sentimita, au vipande vya mraba visivyozidi sentimita moja. Vyote viwe sawa. Vipande vinene vikichanganyika na vyembamba, vingine vitaungua wakati wenzao bado vibichi. Vioshe mara moja kuondoa wanga wa juu unaovifanya vigandane, kisha vifute kwa kitambaa safi. Chagua viazi vigumu, vikavu, visivyo na rangi ya kijani wala machipukizi. Rangi ya kijani ni dalili kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga na kimejenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, hivyo sehemu hiyo ikatwe kwa kina, na kiazi kilichoenea kijani kitupwe. Wanaoishi bondeni, kwenye joto, wanunue viazi vya siku chache tu na kuviweka gizani penye hewa, kwa sababu huko huchipua upesi. Siku viazi mviringo visipopatikana, viazi vitamu hufuata njia hiihii kwa moto mdogo zaidi, kwa kuwa sukari yake huungua mapema. Muhogo mtamu uchemshwe kwanza, na muhogo mchungu usitumike kabisa kwa upishi wa haraka, maana sumu yake hutolewa kwa kuloweka na kukausha.

Nyama inahitaji uamuzi buchani kabla ya jikoni. Ng'ombe wetu wa asili ametembea sana na amekula nyasi. Nyama yake ina ladha nzuri, ila ni ngumu, na ugumu huo una vyanzo viwili vinavyotaka dawa mbili tofauti. Chanzo cha kwanza ni kano na utando unaoshikilia misuli. Huo hulainika kwa kuchemka muda mrefu tu, saa moja hadi tatu, mpaka ugeuke uteute mzito kama ule wa supu ya kongoro. Nyama ya shingo, kidari na miguu imejaa utando huo, kwa hiyo iache kwa supu na mchuzi. Ukiikaanga haraka itakushinda. Chanzo cha pili ni nyuzi zenyewe za nyama. Hizo hazitaki muda mrefu, zinataka kukatwa fupi. Mwombe muuza nyama steki isiyo na kano: sarara kama mfuko unaruhusu, nyama ya mgongo, au paja la juu ambalo bei yake ni ya wastani. Nyumbani tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata ukizikatiza, vipande vya nusu sentimita. Ukikata ukifuata nyuzi, kila kipande kitabaki na uzi mrefu ambao meno lazima yaufanyie kazi ambayo kisu kingeifanya kwa sekunde moja.

Hapo ndipo penye pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: nyama iliyochinjwa asubuhi na kupikwa jioni ni ngumu, hata ikitoka mgongoni. Ni kweli. Saa chache baada ya kuchinja misuli hukaza, na huchukua siku kadhaa kuachia yenyewe. Katika nchi zenye vyumba vya baridi nyama hutundikwa humo wiki moja au mbili kabla ya kuuzwa. Mtu asiye na jokofu asijaribu kuiga jambo hilo kwa kuacha nyama itundikwe jikoni, hata kwenye baridi ya Juni ya Sumbawanga. Tunazo njia nyingine. Ya kwanza ni hiyo ya kukatiza nyuzi, inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Ya pili ni kuvigonga vipande kwa mgongo wa kisu au mchi, taratibu, mpaka vitanuke kidogo. Ya tatu ni papai bichi: kijiko kimoja cha nyama yake iliyosagwa kinatosha nusu kilo, kwa dakika 20 tu, kisha kikwanguliwe. Utomvu wa papai huvunja protini, na ukiachwa usiku kucha nyama itakuwa kama uji. Mwenye jokofu akinunua leo akapika keshokutwa, atapata nyama laini zaidi bila jitihada yoyote.

Jambo la pili ni ukavu, na hapa desturi za jikoni zinahitaji kurekebishwa kidogo. Rangi ya kahawia na harufu inayoita majirani hutokea pale uso wa nyama unapofika nyuzi joto kama 140 na kuendelea. Uso wenye maji hauwezi kufika huko, kwa kuwa joto lote huishia kukausha maji kwanza. Na kazi hiyo ni kubwa: kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara tano ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Nyama iliyotoka kuoshwa ikatupwa kikaangoni na maji yake hukipoza chombo, hutoa majimaji ya kijivu, na kinachofuata ni kuchemsha, hata kama uliita kukaanga. Najua wengi hawawezi kula nyama isiyooshwa, wala sitaki kumlazimisha mtu. Isipokuwa ifahamike kwamba maji ya bomba au ya kisima hayaui vijidudu, huvirusha tu kwenye sinki, ubao na mikono. Kinachoviua ni joto. Anayeosha aoshe kipande kikiwa kizima, akichuje, akifute kikauke kabisa, ndipo akate. Chumvi itiwe wakati nyama inaingia kikaangoni, maana ikikaa juu ya vipande vyembamba kwa dakika kumi itavuta maji yaleyale uliyotoka kuyafuta.

Sasa utaratibu. Viazi hutaka muda na mvuke. Nyama hutaka muda mfupi na moto mkavu. Anayeviweka pamoja tangu mwanzo hupata viazi vibichi na nyama iliyokauka, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na chakula hiki. Viazi vitangulie. Kwa watu wanne chukua robo tatu ya kilo ya viazi na nyama nusu kilo. Weka kikaango kizito jikoni; cha chuma ndicho bora, kwa sababu hushika joto, lakini sufuria nzito yenye kitako kipana inafaa, huku ile nyembamba ya alumini ikihitaji moto mdogo na jicho la karibu. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mashine za mitaani bila kusafishwa ni mazuri kwa ladha, ila hutoa moshi mapema kuliko yale ya kiwandani, kwa hiyo moto uwe wa kati. Ukiona moshi, punguza. Panga viazi, nyunyiza chumvi na vijiko vitatu au vinne vya maji, funika kwa dakika saba au nane. Mvuke utavilainisha kwa ndani. Funua, acha maji yaishe, na sasa uviache vitulie upande mmoja dakika tatu hadi nne bila kuvikoroga. Mwiko unaozunguka kila sekunde ndio unaovunja viazi na kuvinyima rangi. Vigeuze mara moja, upande wa pili upate rangi, kisha vipakue kwenye sahani.

Kikaango hakioshwi. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta, kiache kipate moto hasa, na uweke nyama kwa mafungu mawili au matatu, vipande visigusane. Hili ndilo agizo linalovunjwa zaidi na mtu mwenye haraka. Anafikiri kuweka nusu kilo yote kwa mpigo kutaokoa dakika, kumbe nyama nyingi kwa wakati mmoja hukipoza chombo na kuanza kutoa maji, na kuyakausha maji hayo kutachukua muda mrefu kuliko mafungu matatu ya dakika mbili na nusu kila moja. Kila fungu lipate dakika moja na nusu bila kuguswa, ligeuzwe, lipate dakika nyingine moja au zaidi kidogo, liungane na viazi kwenye sahani. Nyama ikiisha, tia kitunguu kilichokatwa na kitunguu saumu. Kikianza kulainika, mimina nyanya mbili zilizokatwa, pilipili manga na maji kidogo, ukikwangua kahawia iliyoganda chini. Usiitupe kahawia hiyo ukidhani ni uchafu. Ndiyo mchuzi wenyewe. Rudisha nyama na viazi, geuza mara moja ili vishike rojo, kamulia limao, na upakue mara hiyohiyo. Mboga ya majani iliyokatwakatwa, mchicha au figiri, inaweza kuingia dakika mbili za mwisho kwenye kikaango kilekile, na mlo ukawa umekamilika.

Wapo watakaouliza kama nyama ya dakika chache hivyo imeiva kwa usalama. Swali hili lisipuuzwe. Tunaishi mahali ambapo tegu wa ng'ombe wapo, na nyama nyingine huuzwa pembeni bila ukaguzi. Katika hoteli za nje steki nene huliwa ikiwa nyekundu katikati, lakini desturi hiyo inategemea mlolongo wa ukaguzi na ubaridi ambao kijijini haupo, nasi hatuna haja ya kuifuata. Kipande cha nusu sentimita kilichopata moto pande zote mbili mpaka wekundu ukaisha na majimaji yake yakawa meupe kimepita kiwango cha joto kinachoua mabuu ya tegu yaliyomo kwenye msuli na vijidudu vya kawaida. Wembamba uleule unaoleta haraka ndio unaoleta usalama. Hakuna kuchagua kimoja. Lakini moto una mpaka wake. Ugonjwa wa kimeta haumalizwi na kikaango wala sufuria, kwa kuwa mbegu zake hustahimili mchemko, na anayeichuna au kuikata nyama yenye ugonjwa huo anaweza kuambukizwa kabla hata ya kuwasha jiko. Nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe isinunuliwe hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Nunua penye muhuri wa mkaguzi.

Pingamizi la pili ni la mama wa nyumba yenye watu tisa: nusu kilo ya kukaanga itamfikia nani? Mchuzi, atasema, huongezwa maji na kila mtu akachovya. Namkubalia kwa sehemu. Kikaango kimoja kinahudumia watu wanne, na kwa mafungu zaidi kitahudumia sita. Zaidi ya hapo sufuria ya mchuzi ina haki yake, wala mtu asijitese. Lakini nyama iliyokatwa vipande vyembamba vingi hugawika kwa usawa kuliko mapande manne yanayoishia kwenye sahani za wakubwa. Watoto wadogo wanaweza kukatiwa vyao vidogo kabisa, wakala nyama yenyewe, kwa kuwa madini ya chuma na zinki yanayowafaa yamo zaidi kwenye nyama kuliko kwenye maji ya mchuzi wanayopewa mara nyingi. Anayesema kwamba mlo bila ugali si mlo naye hana ugomvi nami. Aviache viazi, akaange nyama na mchicha kwa njia hiihii wakati ugali unasongwa kwenye jiko la pili, na chakula kitakuwa tayari kwa pamoja.

Wengine watashuku mafuta. Vijiko vinne vya chakula kwa watu wanne ni kijiko kimoja kwa kila mtu, na hakuna kinachobaki cha kutumiwa tena kesho. Chipsi za kuzamishwa hunyonya mafuta mengi zaidi, mara nyingi yaliyokwisha kuchemshwa siku kadhaa. Anayewapeleka watoto kununua chipsi kwa sababu amechoka kupika atapata nyumbani chakula chenye mafuta machache na nyama zaidi, pengine kwa fedha ileile.

Ipo pia hesabu ya nishati. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi midogo ya gesi ya kilo sita imeingia katika nyumba nyingi tangu hapo, na mingi husimama mitupu pembeni huku familia ikirudi kwenye kuni, kwa sababu maharage ya saa mbili yaliimaliza gesi mapema na fedha ya kujaza haikupatikana. Mtungi utadumu ukipewa kazi unayoiweza vizuri, yaani vyakula vya nusu saa kama hiki. Gesi ina sifa nyingine ambayo mkaa hauna: moto wake hupanda na kushuka kwa mkono, mdogo wakati viazi vimefunikwa, mkubwa nyama inapoingia. Anayetumia mkaa anaweza kukaribia hapo kwa kuanza na mkaa mchache na kuongeza wakati wa nyama.

Ushauri wangu kwa atakayejaribu wiki hii ni kuanzia kwenye kile kinachopuuzwa zaidi: noa kisu. Kisu butu huponda nyama, huteleza kwenye kiazi na kumfanya mpishi akate vipande vinene ili amalize haraka, na kwa unene huo haraka yote imekwisha kupotea. Nunua steki isiyo na kano, ukatize nyuzi zake, kausha kila kitu, tanguliza viazi, na usijaze kikaango. Fanya hivyo jioni mbili za katikati ya wiki, na kiasi cha nyama uliyokuwa ukinunua kwa ajili ya Jumapili ukigawe mara mbili au tatu. Matumizi hayataongezeka, lakini mtoto atakuwa ameonja nyama, kiazi na mboga ya majani kwa siku ambazo kwa kawaida angelala kwa chai na kiporo. Rukwa inalima na inafuga vya kutosha. Kazi iliyobaki ni ya kuvifikisha vyakula hivi kwenye sahani ya jioni ya kawaida, na kazi hiyo inawezekana kwa mtu aliyechoka, mwenye jiko moja.